Je, wajua kwa nini tanzia ya Kigiriki, yaani tamthilia ya huzuni na maanguko, inakubana roho hata kama mwisho wake unaujua?

Mtu akikuhadithia mwisho wa muvi kabla hujaiona si unanuna? Sasa Waathene wa karne ya 5 KK walikuwa wanajaa kwenye ukumbi wa Dionysus, pale chini ya Akropoli, kumwangalia mfalme Oedipus kwenye tamthilia ya Sophocles, na stori walishaijua kitambo kwamba huyu jamaa alimuua baba yake akamwoa mama yake bila kujua. Walifuata nini? Hapo ndo yale maneno magumu ya darasani yanaanza kuwa na maana.

Anza na kinaya, yaani mhusika anasema kitu ambacho wewe mtazamaji unajua maana yake kuliko yeye. Mji wa Thebes una tauni, kutoka Delphi, kwenye hekalu la utabiri, limekuja neno kwamba aliyemuua mfalme wa zamani, Laius, aondolewe mjini, basi Oedipus anasimama mbele ya watu anamlaani huyo muuaji laana nzito na kuahidi kumpigania Laius kama vile angempigania baba yake mzazi. Yeye hajui anachosema, wewe uliyekaa pale unajua, na huna namna ya kumzuia.

Alafu kuna peripeteia na anagnorisis, na hapa mwanafalsafa Aristotle, aliyeandika kuhusu tanzia karne iliyofuata, anamsifia sana Sophocles. Peripeteia ni mambo kugeuka, yaani tendo lililokusudiwa kuleta hiki linaleta kinyume chake kabisa. Anagnorisis ni mtu kutoka kutojua kwenda kujua. Angalia yule mjumbe kutoka Korintho: kaja na habari kwamba mfalme Polybus, ambaye Oedipus anamjua kama baba yake, kafariki kwa uzee, Oedipus anapumua, ila bado anaogopa utabiri aliopewa zamani kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama, sasa mjumbe kwa nia njema kabisa anamwambia usiogope, wale hawakukuzaa, mimi mwenyewe nilikupokea ukiwa mchanga kutoka kwa mchungaji wa Laius. Alitaka kumtoa hofu jamani! Jocasta, mke wa Oedipus na mjane wa Laius, anaelewa kabla yake, anamsihi aache kuuliza, hasikilizwi, anakimbilia ndani. Aristotle anasema utambuzi mzuri kuliko wote ni ule unaokuja pamoja na mgeuko, na mfano wake ni huu huu.

Hamartia ndo inayoandikwa vibaya kwenye mitihani, wengi wanaandika ni tabia mbaya ya mhusika mkuu, mara kiburi mara hasira. Hasira Oedipus anayo kweli, lakini Aristotle anaongelea mtu ambaye sio mwema kupita wote wala sio muovu, anaanguka kwa sababu ya kosa fulani, na kosa hilo ndo hamartia. Kule njia panda, kabla hajafika Thebes, alimuua mzee asiyemjua, kumbe ndo Laius, baba yake. Kwangu mimi hiyo ndo inauma zaidi, maana mtu muovu akianguka hatumhurumii.

Korasi nayo isipuuzwe. Ni watu 15 wanaimba na kucheza, hapa wakiwa wazee wa Thebes, wanaomba, wanaogopa, wanajaribu kuelewa kinachotokea. Waigizaji wenye maneno walikuwa 3 tu, wote wanaume, wamevaa vinyago, wanabadilishana nafasi. Na Oedipus kujitoboa macho hukuoni, kunatokea ndani, mtumishi anatoka kusimulia, na masimulizi yale yanatisha kweli.

Katharsis Aristotle kaitaja kwa kifupi mno: huruma na hofu zinaamshwa mpaka zinapata kutakasika. Wasomi mpaka leo wanabishana alimaanisha nini.

Cha ajabu, kwenye mashindano ya Athens seti ya tamthilia za Sophocles iliyokuwa na tamthilia hii ilishika nafasi ya pili, ikashindwa na Philocles, ambaye tanzia zake hazijatufikia hata moja nzima. Oedipus yupo hata kwa Kiswahili, Samuel Mushi aliitafsiri kama Mfalme Edipode, kwahiyo ukiipata nenda moja kwa moja kwenye yale mazungumzo na mjumbe wa Korintho uyasome kwa sauti.