Tumbo la asubuhi ya skuli
Wazee wengi Unguja na Pemba huamini kuwa mtoto anayelalamika tumbo skuli zinapofunguliwa, kama ilivyokuwa 2020 baada ya likizo ya korona, anatafuta kisingizio. Si ajabu kuona hivyo: ikifika saa nne keshapona, yuko uwanjani anacheza. Lakini mara nyingi maumivu ni ya kweli. Hofu huvuruga mwendo wa tumbo. Ikipungua, tumbo hutulia.

Mpelekeni kwanza kituo cha afya. Kisha andikeni kwa wiki mbili: linauma lini, na Jumamosi je? Muulizeni mwalimu, na mtoto mwenyewe, bila fimbo tafadhali. Kumbakisha nyumbani siku nyingi huikuza hofu. Skuli ikikubali, aanze hata na vipindi viwili.