Dereva Amepuliza Sifuri, Kisha?

Wiki mbili zilizopita meneja wa usafirishaji wa kampuni moja hapa Dar es Salaam alinifungulia daftari lake la vipimo vya pombe na kunionyesha, kwa fahari ambayo sikutaka kuivunja mapema, kurasa baada ya kurasa za sifuri zilizoandikwa kwa kalamu ya kijani. Kisha akatamka sentensi ambayo nimeisikia katika yadi nyingi mno tangu nianze kazi ya udaktari wa afya ya kazini: "Daktari, madereva wangu hawanywi, kwa hiyo hilo somo lako la dereva asiyefaa kushika usukani sisi tumeshalimaliza." Nje ya dirisha lake, dereva aliyepuliza sifuri ya mwisho katika daftari hilo alikuwa ameegemea tairi la tela akisubiri hati za mzigo wa Tunduma, na kidevu kilikuwa kinamwangukia kifuani kila baada ya sekunde chache. Nilitoka nikamuuliza amelala wapi. "Foleni, daktari," akanijibu, kama mtu anayetaja jina la gesti.

Waajiri wengi hawajawahi kulala foleni, hivyo naomba niwaeleze. Lori la mbele linasogea mita kumi, na usiposogea anachomeka mwingine. Utingo hana leseni ya kulisogeza, kwa hiyo anayeamshwa ni dereva, mara mbili au tatu kwa saa, usiku kucha. Katikati ya misogeo hiyo anafumba jicho moja, kwa sababu la pili linalinda tangi la mafuta lisinyonywe, na mafuta yakipungua yatakatwa kwenye posho yake. Asubuhi ripoti ya kifaa cha kufuatilia mwenendo wa gari inaonyesha kwamba gari lilisimama kwa muda wa saa tisa, na meneja anaandika kwamba dereva amepumzika. Gari ndilo lililopumzika. Nimelisema jambo hili katika mikutano mingi kiasi kwamba baadhi ya mameneja hulimalizia wenyewe kabla sijafika mwisho, wakacheka, kisha wakaendelea kusaini ripoti zile zile.

Nadhani sehemu ya tatizo imo katika maneno tunayotumia. Tukitaka kumtaja dereva asiyefaa kushika usukani kwa wakati fulani, neno linalotujia kwanza ni mlevi, na ulevi kwetu ni tabia kabla haujawa hali ya mwili. Mwajiri akiulizwa kama madereva wake wana upungufu wa uwezo wa kuendesha, yeye husikia kwamba anaulizwa kama ameajiri watu wa hovyo, naye hujibu kwa kutetea heshima ya yadi yake: hawa ni watu wazima, wana familia, wengine ni wazee wa kanisa, wengine wameshahiji. Mimi siulizi habari za tabia. Ninauliza kama ubongo wa mtu huyu, saa hii, unaweza kuona taa za breki zilizo mbele yake, kuamua, na kuufikisha uamuzi huo mguuni kwa wakati. Ubongo huo hauna habari kama kilichoupunguzia kasi ni bia, homa, dawa ya mafua au usiku wa pili bila kulala, na mcha Mungu aliyekesha husinzia sawa na asiyemcha.

Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid wa Australia walichapisha matokeo ambayo sisi wa fani hii tumeyatumia hadi yakachakaa: mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hushuka uwezo sawa na mwenye pombe ya miligramu 50 katika kila mililita 100 za damu, na akifikisha saa 24 hushuka sawa na mwenye miligramu 100, yaani zaidi ya kikomo cha jumla cha 80 tunachokitumia hapa nchini. Ninapenda kuwatajia mameneja takwimu hizo kwa sababu zinawanyamazisha, lakini ukweli ni kwamba waliopimwa walikuwa watu 40 waliofanya jaribio la uratibu wa macho na mikono mbele ya kompyuta, si watu wanaoteremka Kitonga na tani 30 mgongoni. Sina hakika kwamba ulinganisho huo unahamia barabarani ulivyo. Inawezekana dereva mzoefu anajikaza zaidi ya mtu wa maabara, na inawezekana pia kwamba kunyooka kwa barabara kunamlaza haraka zaidi. Nisilolitilia shaka ni kwamba kwa kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu ya lori kisheria, gari hupita mita 22 kila sekunde, na aliyezimika kwa sekunde nne amesafiri karibu mita 90 bila mtu kwenye usukani. Baadaye atakuapia kwamba hakulala, naye hatakuwa anadanganya, kwa sababu usingizi mfupi namna hiyo mara nyingi haukumbukwi.

Hapo meneja hunijibu kwamba dereva wake huendesha kwa saa nane tu kwa siku. Huhesabu saa za usukani peke yake, kana kwamba kusubiri kupakia, kufunga turubai, kupanga foleni ya mizani pale Vigwaza na tena Mikese, na kubishana na mpokea mzigo ni mapumziko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka, ukiacha hali chache maalumu, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na sijawahi kuona kifungu kinachosema kwamba mfululizo huo unaruhusu kuamshwa kila baada ya dakika 20. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, wenye mabasi nao wananiuliza maswali ambayo zamani nilikuwa naulizwa na wenye malori tu, na kwao naongeza jambo moja: kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri mwili unadai usingizi hata kama mchana ulilala vizuri.

Hata hiyo pombe ambayo wanadhani wameimaliza, hawajaimaliza. Chukua dereva wa kilo 70 anayeanza bia saa 12 jioni na kumaliza ya sita saa 5 usiku, chupa za mililita 500 zenye asilimia 5, akalala, akaamka na kuoga, akashika usukani saa 11 alfajiri. Kila chupa ina takriban gramu 20 za kilevi. Ukikadiria kwamba mwili huondoa miligramu 15 hivi katika mililita 100 za damu kila saa, mtu huyu anatoka getini akiwa bado na kati ya 80 na 90, na anajiona mzima kwa sababu amelala na amekunywa supu. Kahawa, supu, kuoga na kukimbia mchakamchaka haviharakishi hesabu hiyo, na kuzimua kunaianza upya. Lazima nikiri kwamba hesabu yangu yenyewe ni ya makadirio: wapo ambao ini lao huondoa 10 kwa saa, wapo wanaoondoa 20, kwa hiyo dereva huyo anaweza kuwa amebakiwa na 30 tu au amevuka 140. Ndiyo maana sipendi jedwali linalobandikwa ukutani kumwambia dereva asubiri saa ngapi. Watu hulisoma kama ratiba ya treni.

Kuhusu kifaa chenyewe cha kupima pombe kwa kupuliza, nitakuwa mfupi ili nisikasirike. Kifaa cha bei rahisi ambacho hakijahakikiwa usahihi wake tangu kinunuliwe si kipimo. Katika yadi moja nilisukutua mdomo kwa dawa ya kinywa yenye kilevi, nikapuliza papo hapo mbele ya uongozi, nikapata sifuri. Kifaa kizima kilipaswa kunitangaza mlevi wa kupindukia. Hicho ndicho kilichokuwa kimejaza madaftari mawili.

Mirungi haisomwi na kifaa hicho. Humwondolea mtu hisia ya usingizi bila kumlipia deni la usingizi, na ikimwisha mwilini deni hilo huja kwa mkupuo. Dereva wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari, aliyeruka chakula kwa sababu ya foleni, anaweza kuchanganyikiwa na kutokwa jasho akafanana kabisa na mlevi. Anayekoroma kwa nguvu na pumzi kumkatika usingizini huamka amechoka hata baada ya kulala usiku mzima. Na ile piriton inayouzwa katika kila duka la dawa, ambayo dereva mwenye mafua huimeza saa 2 usiku akiwa njiani kwa kuwa "ni ya mafua tu, daktari", imemlaza mtu kwenye usukani mara nyingi kuliko waajiri wanavyotaka kuamini. Hao wote wangepuliza sifuri.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vyetu hulipita haraka. Uchovu haupimwi kwa kupuliza; hakuna kifaa kilichozoeleka ambacho ningekuwekea getini kikakuambia kwamba huyu ameishiwa. Kinachobaki ni kumuuliza mwenyewe, na huyo unayemuuliza hulipwa kwa safari. Akisema amechoka, mzigo anapewa mwenzake pamoja na posho yake, na akitaja sukari au kifafa anaogopa kufukuzwa, kwa sababu ameona wenzake wakifukuzwa. Kwa miaka kadhaa niliwafundisha madereva kusimama, kunywa kahawa na kulala dakika 20, na bado ni ushauri mzuri kwa mtu aliyebakiza mwendo mfupi. Siku hizi huona haya kidogo ninapoutoa, maana ninamfundisha dereva kuziba kwa kikombe shimo ambalo limechimbwa na ratiba ya ofisini.

Yule meneja wa kalamu ya kijani, kwa heshima yake, alikubali tuongeze swali moja katika daftari: umelala saa ngapi katika saa 24 zilizopita, ukiwa umelala kweli? Siku ya kwanza madereva wote waliandika 8. Siku ya pili 8, ya tatu 8, kwa mwandiko uliokuwa ukifanana kwa namna ya kutia shaka. Nilimwomba atangaze mbele yao wote kwamba atakayeandika chini ya 6 atalala kwanza na mzigo wake utamsubiri, posho ikiwa ile ile, naye akatangaza, ingawa kwa sauti ya mtu anayelipia kitu asichokiona. Jana saa 11 na nusu alfajiri alinipigia simu. Kuna dereva ameandika 3, gari limeshapakiwa, mteja wa Tunduma amepiga mara mbili. "Daktari," akaniuliza, "sasa huyu nimfanyeje?" Nikamwambia amtafutie kitanda, mbali na foleni.