Radikali huru ni nini, na kwa nini antioksidanti si "kiondoa sumu"

Chukua chupa ya mafuta ya kupikia iliyosahaulika kabatini miezi mingi, fungua kizibo, unuse. Ile harufu kali ya mafuta yaliyochacha ni kazi ya radikali huru. Mafuta hujenga pia utando wa kila seli mwilini mwako, nayo huweza kushambuliwa vivyo hivyo.

Radikali huru ni atomu au molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake. Kwa kawaida elektroni hukaa mbili mbili. Ikibaki moja, molekuli haitulii mpaka impore jirani. Jirani aliyeporwa naye hugeuka radikali, humvamia wa pili yake, na mnyororo huendelea hivyo, ukiharibu mafuta, protini, hata vinasaba.

Moshi wa sigara na mionzi ya jua huzileta, lakini nyingi tunazitengeneza wenyewe kwa kuishi tu. Mitokondria, vinu vya nguvu vilivyomo ndani ya seli, zinapotumia oksijeni kuzalisha nguvu, sehemu ndogo ya oksijeni hiyo huponyoka ikiwa superoksidi, mojawapo ya radikali huru. Tena mwili huzitengeneza kwa makusudi: chembe nyeupe za damu huzimwaga juu ya bakteria ili kuwaua, na watu waliozaliwa bila uwezo huo huugua maambukizi makali mara kwa mara. Ndiyo maana jina "kiondoa sumu", ambalo antioksidanti hupewa sana kwenye matangazo ya virutubisho, linanikera. Linamfanya mtu aamini kwamba radikali zikifutwa zote, atakuwa mzima zaidi.

Antioksidanti ni kitu kinachokata ule mnyororo. Vitamini E, iliyomo ndani ya utando wa seli, hutoa elektroni yake bila kugeuka mporaji, kisha vitamini C huirudishia ilichotoa. Hizo tunazila. Walinzi wakuu, hata hivyo, ni vimeng'enya vya mwili wenyewe, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia. Mwaka 1969, Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walieleza kimojawapo, superoksidi dismutasi, kinachogeuza superoksidi kuwa oksijeni na haidrojeni peroksidi. Kingine, katalasi, huivunja peroksidi hiyo iwe maji na oksijeni. Kama umewahi kumwagiwa peroksidi kwenye kidonda ikatoa povu jeupe, uliona katalasi yako ikifanya kazi.

Sasa vidonge. Nchini Finland wanaume wavutaji sigara 29,133, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, waligawanywa: baadhi walimeza beta-karotini, antioksidanti iliyomo kwenye karoti, miligramu 20 kila siku, wengine vitamini E, wengine zote mbili, wengine kidonge kitupu. Ilitarajiwa saratani ya mapafu ingepungua. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi. Jaribio la Marekani lililochanganya beta-karotini na vitamini A lilisimamishwa mapema, Januari 1996, kwa sababu hiyo hiyo: wagonjwa walikuwa wakiongezeka.

Na katika wanaume wale wale wa Finland, waliokuwa wakipata beta-karotini nyingi kwenye chakula tangu mwanzo waliugua kwa uchache. Basi embe, karoti na mchicha havina kesi hapa. Mwenye kesi ni kidonge, na mvutaji anayekinunua akidhani kinamkinga aambiwe hivyo kabla hajalipa.