Korongo Taji Si Ndege wa Kufugwa Uani

Korongo taji aliye mbali shambani hutambulika kwa urahisi zaidi anaporuka. Mabawa yake, yanayofikia kama mita 2 yakikunjuliwa, yana eneo kubwa jeupe linaloonekana hata bila darubini. Akiwa karibu utaona paji jeusi, mashavu meupe yenye doa jekundu, na kifuko chekundu cha ngozi kinachoning'inia kooni, ambacho hukijaza hewa anapolia. Ana kimo cha kama mita 1 na uzito wa kilo 3 hadi 4. Dume na jike hufanana, ila dume huwa mkubwa kidogo. Kinda mtamjua kwa macho ya kahawia na taji fupi. Aliyekomaa ana macho ya kijivu hafifu.

Usiku hulala mtini. Anaweza kwa sababu kidole chake cha nyuma ni kirefu na hushika tawi. Katika ukoo wake, ni yeye na binamu yake mweusi wa ukanda wa Saheli tu wenye uwezo huo. Mchana hushuka kwenye nyasi na mashamba, akikanyagakanyaga ardhi ili panzi waruke awadake. Hula pia minyoo, vyura na mbegu za nyasi. Ugomvi na mkulima huanza anapofukua mahindi au karanga zilizopandwa karibuni. Kipindi hicho ni kifupi: shamba lilindwe kwa kufukuza ndege tangu kupanda hadi miche ishike mizizi. Anayetega nafaka yenye sumu huua korongo, kanga na njiwa kwa pamoja, na mbwa au mtu akiila mizoga hiyo naye yumo hatarini.

Uzazi ndio unaomponza. Jozi hung'oa nyasi na matete ndani ya tindiga, huyakanyaga yawe jukwaa juu ya maji, kisha jike hutaga mayai 2 hadi 3, mara chache 4. Wazazi huatamia kwa zamu kwa karibu mwezi mmoja. Vifaranga hutembea mapema sana, lakini kuruka huchukua miezi 2 hadi 3 hivi, na muda wote huo wanahitaji majani marefu ya kujificha. Mfereji wa kukausha bonde ukichimbwa, maji hushuka na mbwa hufika kiotani kwa miguu mikavu. Moto wa kusafisha malisho huleta hasara hiyo hiyo kwa saa moja.

Watu wengine huchukua kinda awe pambo la nyumbani au hotelini. Manyoya ya bawa yakikatwa huota tena. Kiungo cha bawa kikikatwa, ndege huyo hataruka maisha yake yote. Na kifungoni korongo hawa huzaliana kwa nadra, hivyo kila kinda anayeibwa ni pengo porini. Katikati ya miaka ya 1980 walikadiriwa kuzidi 100,000. Miaka 20 hivi baadaye makadirio yalikuwa kati ya 50,000 na 64,000. Tangu 2012 wamo kwenye orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Rwanda imeonyesha kwamba hali hiyo hugeuzika. Kuanzia 2014 waliofuga korongo waliombwa wawasalimishe bila kuadhibiwa. Ndege zaidi ya 200 walitolewa majumbani na hotelini. Wenye afya walipelekwa Hifadhi ya Akagera, na waliolemazwa mabawa wakapewa makao Kigali. Sensa ya 2017 ilihesabu korongo 487 nchini humo, ile ya 2021 ikapata 881. Msamaha ule ulisaidia pale ambapo vitisho vya faini vingewafanya wafugaji wawafiche tu.

Ukikuta kinda peke yake nyasini, mwache na uondoke. Kwa kawaida wazazi wako jirani wakisubiri upite. Aliyevunjika, pengine kwa kugonga nyaya za umeme alfajiri au jioni, mfunike kichwa kwa kitambaa chepesi ili atulie, mkumbatie mabawa yakiwa yamekunjwa, na mdomo wake uuweke mbali na macho yako. Msafirishe kwenye boksi lenye matundu. Usimnyweshe maji kwa nguvu wala maziwa: huingia kwenye njia ya hewa. Kisha mwite ofisa wa wanyamapori wa eneo lako: TAWA kwa Tanzania, KWS kwa Kenya, UWA kwa Uganda. Mtajie mahali hasa ulipomwokota, kwa kuwa waya ulioua mmoja huendelea kuua mpaka ufungwe vialama vya kuonekana.