Kichwa Kinachowasha Hakidai Mafuta

Wengi wanaokuja kliniki yangu hapa Nairobi kwa sababu ya kichwa kuwasha huwa wameshajitibu nyumbani. Wamepaka mafuta ya nazi, wakaongeza ya nyonyo, wakajaribu na maji ya kitunguu, na bado wanajikuna. "Daktari, ngozi ya kichwa imekauka," wananiambia. Nikigawanya nywele naona magamba ya manjano yanayonata kwenye kitana. Kitu kikavu hakinati.

Ngozi ya kichwa ina tezi nyingi za mafuta, na juu yake huishi kuvu iitwayo Malassezia. Tunayo karibu sote, na kwa kawaida haina shida na mtu. Lakini chakula chake ni mafuta. Inayavunjavunja na kuacha mabaki, hasa asidi ya oleiki, na kwa watu ambao ngozi yao haiivumilii, mabaki hayo ndiyo yanayoleta mwasho na magamba. Hali ikiwa nyepesi tunaiita mba. Ikizidi na kuwa na uvimbe, sisi madaktari huiita dematitisi ya seboreiki. Kwa mtu mweusi mara nyingi haionekani kuwa nyekundu kama picha nyingi za vitabuni. Huacha mabaka yaliyopauka kwenye nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio na kando ya nywele za mbele.

Sasa fikiria mafuta ya kupaka. Maabara ikitaka kuotesha kuvu hii, haifanikiwi bila kuipa mafuta, na mara nyingi hutumia mafuta ya zeituni. Ndiyo maana sioni mantiki ya kumimina mafuta kwenye kichwa kinachowasha, hata yawe ya asili na yametoka kwa shangazi Mombasa. Mafuta hulainisha magamba kwa siku moja au mbili, mtu akaona amepona, kisha mwasho unarudi na nguvu mpya. Kama nywele zenyewe ni kavu, na za kipilipili hukauka upesi kweli, paka mafuta kwenye nywele. Ngozi iache.

Kinachosaidia ni kuosha, na hapo ndipo Nairobi inapotushinda. Maji ni ya mgao katika mitaa mingi. Rasta za kusukwa kwa wasusi wa Kenyatta Market zimekula nusu siku na pesa nzuri, nani atataka kuzilowesha wiki ya kwanza? Kwa hiyo kichwa kinakaa mwezi mzima na zaidi bila maji, kikiwa chini ya kofia ya marvin wakati wa baridi ya Julai au chini ya helmeti ya bodaboda, na jasho na mafuta vinarundikana.

Ninachoandika mara nyingi ni shampuu ya ketokonazoli, dawa ya kuua kuvu, ya asilimia 2. Maelekezo ya kawaida ni mara mbili kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4. Kwa nywele zetu mara nyingi naanza na mara moja kwa wiki, kwa sababu dawa hii hukausha na nywele hukatika. Mara nyingi mambo huharibika kwenye dakika za kusubiri: mtu anapaka, anasugua, anasuuza papo hapo, kisha anasema dawa ni bandia. Iache juu ya ngozi dakika 3 hadi 5. Paka kwenye ngozi tu, na nywele zenyewe uzipe kondishona. Mwenye rasta anaweza kutumia chupa yenye mdomo mwembamba, akafuata mstari hadi mstari, kisha asuuze vizuri na kukausha mpaka ndani. Unyevu unaobaki ndani ya rasta ni taabu nyingine. Shampuu zenye zinki pirithioni au seleniamu salfaidi nazo hufaa. Uvimbe ukiwa mkali naongeza losheni ya steroidi kwa siku chache, siyo kwa miezi, na siyo ile ya kununua kaunta kwa sababu jirani aliisifu. Ikitumiwa muda mrefu, ngozi hukonda.

Nisikudanganye kuhusu kupona: hali hii hutulia, kisha hurudi. Ikishatulia, osha kwa dawa kila wiki moja au mbili. Na ikianza ghafla, ikawa kali na kuenea usoni na kifuani, nitakuomba upime virusi vya ukimwi. Sikuhukumu. Mara nyingine ngozi hutangulia kutoa habari.

Hofu kubwa zaidi lakini huwa ni nywele. Mba yenyewe ni nadra kumwachia mtu upara. Uvimbe na kujikuna vinaweza kudondosha nywele kiasi, na nyingi hurudi ngozi ikitulia. Zikiendelea kuisha, natafuta mwizi mwingine, na kitu cha kwanza ninachoangalia ni wapi zimeisha.

Zikiisha pembeni, kwenye panja na paji, namuuliza msusi alivuta vipi. Rasta nzito, matuta yaliyobana na wigi ya kugandishwa kwa gundi huchosha mizizi. Mara nyingi hubaki ukingo wa vinywele vifupi mbele kabisa, ambavyo vilikuwa vifupi mno msusi asivishike. Nikiuona, jibu karibu ninalo. Ukilegeza mapema, nywele hurudi. Ukisubiri miaka, hazirudi. Msusi akikuambia maumivu ya siku ya kwanza ni ya kawaida, mwambie afumue.

Zikiisha utosini, duara linalopanuka polepole, sitanii. Kuna upara wa makovu unaowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, nao huanza hapohapo, wakati mwingine kwa mwasho au kuchoma ambako mtu hudhani ni mba. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kwamba baadhi ya wagonjwa hawa wana mabadiliko kwenye jeni la PADI3, linalohusika na uundaji wa unywele, kwa hiyo si haki kumlaumu mama kwa kila kitu alichowahi kutia kichwani. Ngozi ikianza kung'aa na vinyweleo kutoonekana, kovu limeshaingia. Hapa nakata kipande kidogo cha ngozi, milimita 4, kwa ganzi, kikapimwe. Shampuu haiwezi kazi hii.

Zikipungua kichwa kizima kwa mpigo, nauliza kilichotokea miezi 2 au 3 nyuma: homa kali ya malaria, kujifungua, upasuaji, kupungua uzito haraka. Huwa zinarudi zenyewe, ingawa napima damu na madini ya chuma.

Na kuna hofu isiyo na ugonjwa. Mtu huangusha nywele 50 hadi 100 kwa siku. Ukiwa na rasta kwa wiki 6, nyingi hazina pa kuangukia. Siku 42 mara 50 ni nywele 2,100, na zote zinakungoja siku ya kufumua. Lile fundo ulilonipigia picha ukilia huenda ni hesabu tu.

Watoto ni habari tofauti. Magamba na viraka vya upara kwa mwanafunzi wa shule ya msingi nayachukulia kuwa mapunye mpaka nithibitishe vinginevyo, na hayo hutaka dawa ya kumeza. Wanaume nao, vipele vigumu kisogoni huchokozwa na mashine inayonyoa hadi kwenye ngozi; mwambie kinyozi aache nywele kidogo, na spiriti haitibu chochote pale.

Ukipanga kuja kliniki, fumua siku moja kabla, usipake kitu, na ulete picha za zamani kwenye simu. Ile ya arusi ya miaka 3 iliyopita hunionyesha nywele zilikuwa zinaanzia wapi.