Ujumbe wa mwisho kuonekana hauonyeshi programu ilikufia wapi

Wanafunzi wengi wa lugha ya programu ya C hapa Kisumu huamini kwamba ukitawanya printf, amri ya kuchapisha maneno, ndani ya programu, ujumbe wa mwisho kuonekana ndio unaoonyesha ilipoangukia. Si kweli, na imani hiyo huwakesha watu bure.

Maneno ya printf hukaa kwanza kwenye bafa, sehemu ya kumbukumbu yanaposubiri kutolewa. Kwenye skrini, kwa kawaida hutolewa mstari unapoisha kwa \n, alama ya mstari mpya. Ukiyaelekeza kwenye faili, husubiri bafa ijae au programu imalizike vizuri. Tuseme unajumlisha mauzo ya samaki wa Dunga na kuyapeleka matokeo kwenye ripoti.txt:

./mauzo > ripoti.txt

Programu ikigusa kumbukumbu isiyo yake, mfumo huiua palepale, na ripoti.txt linaweza kubaki tupu ingawa mistari kadhaa ya printf ilishapitiwa. Utaanza kukagua mwanzo wa programu kumbe kosa liko mwishoni!

Makosa yaandike kwa fprintf(stderr, ...), yaani kwenye stderr, mkondo wa makosa. Mkondo huo kwa kawaida haungoji, wala hauchafui ripoti yako. Na fopen, ya kufungua faili, ikishindwa, ita perror, ya kuchapisha sababu ya kosa, papo hapo, kabla mwito mwingine haujabadilisha errno, namba ya kosa iliyohifadhiwa. Itakutajia sababu, kama faili halipo au huna ruhusa. "Imeshindikana" pekee haimsaidii mtu.