"Mbube": wimbo wenye mwenyewe ulioitwa wa jadi

Mswahili akisikia "uyimbube, uyimbube", nusu ya maana anayo tayari. Ile "u" ya mwanzo ni ileile ya "u mzima?" na "u hali gani?". Mbube kwa Kizulu ni simba. Kwa hiyo anayeimbiwa anaambiwa: wewe u simba! Wamarekani walisikia "wimoweh", mlio usio na maana, na hivyo ndivyo ulivyozunguka dunia.

Mtunzi ni Solomon Linda, mzaliwa wa Msinga, Natal, aliyekwenda Johannesburg kutafuta riziki. Alikuwa mfungashaji wa santuri katika kiwanda cha kampuni ya Gallo, na nje ya kazi aliongoza kundi la waimbaji, Evening Birds. Mwaka 1939 kampuni ikawarekodi. Itafuteni rekodi hiyo muisikilize kwa utulivu. Sauti nzito zimeshika kiitikio kimoja, hazibanduki, naye Linda anapaa juu yake kwa sauti nyembamba isiyo na maneno. Karibu na mwisho anachomeka noti chache alizozibuni palepale. Ni sekunde chache tu, lakini ndizo zilizokuja kuvishwa maneno ya Kiingereza.

Nyumbani wimbo ulipendwa hata uimbaji wa namna hiyo ukaitwa mbube. Santuri nayo ikafika New York kwa Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za asili, ambaye alimpa mwimbaji Pete Seeger. Kundi la Seeger, The Weavers, likautoa mwaka 1952, na penye jina la mtunzi pakaandikwa Paul Campbell. Mtu huyo hakuwepo. Lilikuwa jina la kubuni walilolitumia kwa nyimbo za jadi walizozipanga upya.

Kwetu sisi tunaotunza kumbukumbu za muziki, hapo ndipo penye uchungu. Wimbo ukishaitwa wa jadi, hakuna anayeuliza nani kautunga, hata kama mtunzi yu hai na anaenda kazini kila asubuhi. Seeger alimtumia Linda dola 1,000, lakini mwaka huohuo wa 1952 Linda alikuwa ametia saini kuiachia Gallo haki zake kwa shilingi 10. Miriam Makeba aliurekodi kwa Kizulu mwaka 1960. Mwaka 1961 kundi la The Tokens, kwa maneno ya Kiingereza ya George Weiss na wenzake, wakauimba kwa jina "The Lion Sleeps Tonight" (simba analala usiku huu) na kushika namba moja Marekani. Simba wa nyikani akalazwa msituni. Linda alifariki 1962, maskini. Kaburi lake lilikaa miaka 18 bila jiwe.

Mwaka 1994 wimbo ukaingia katika filamu ya The Lion King, ile ya akina Simba, Rafiki na Pumbaa. Mabinti wa Linda walisaidiwa na sheria kongwe: Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini, ilirudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Kesi dhidi ya Disney, kampuni yenye filamu hiyo, ilifunguliwa 2004, na Februari 2006 pande husika zikapatana. Familia ikalipwa, na Linda akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza.

Kama nyumbani kuna kanda ya bibi akiimba harusini, usiandike "ngoma ya asili" ukaishia hapo. Muulize nani aliutunga, wapi, mwaka gani, uandike kwenye jalada.